Maji ya Mkono: Wamalay Walivyojifunza Upya Mapishi ya Kwao Ugenini

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa jumuiya, baada ya sala ya Idi)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Mkutano wa leo umewakusanya wazee, vijana na watoto katika ua mmoja, na harufu ya pilau inayotoka nyuma ya msikiti imekwisha kumfikia kila mmoja kabla ya maneno ya hotuba. Basi haitakuwa ajabu kama maneno yenyewe yatahusu jiko.

Huenda wakawapo wasikilizaji wanaodhani kwamba mapishi ni jambo dogo, lisilostahili kupandishwa jukwaani mbele ya masheikh. Walakini habari za Waislamu waliohama makwao zaonyesha kwamba mambo mengi yanayopotea ugenini hupotea kimya kimya, na mojawapo ni ujuzi wa jikoni. Kitabu kikipotea, watu huuliza kilipo. Lakini bibi aliyejua kupika akifariki, watu humlilia, humswalia na kumzika, wala hawatambui kwamba siku ile wamezika na ujuzi pamoja naye, mpaka Idi ifuatayo itakapowadia na sufuria ikafunuliwa.

Mfano uliochaguliwa kwa leo ni mfano wa Wamalay, ndugu katika dini wanaoishi ng'ambo ya Bahari ya Hindi, ambao wamehama mara nyingi, wengine kwa hiari na wengine kwa minyororo, na kila walipohama walilazimika kujifunza upya chakula cha mama zao.

Wamalay ni watu wa rasi na visiwa vya kusini mashariki ya Asia. Leo wanaishi katika Malaysia, Singapore, Brunei, na sehemu za Indonesia na Thailand. Uislamu ulienea sana kwao katika karne ya 15, wakati wa usultani wa Melaka, bandari iliyokuwa ikipokea merikebu za Waarabu, Wahindi na Wachina. Nchi yao ni nchi ya minazi, mpunga na bahari, kama ilivyo Pwani ya Afrika Mashariki. Mtu wa Unguja, wa Mombasa au wa Tanga akiingia jikoni mwa bibi wa Kimalay ataona vitu vingi anavyovijua: nazi ikikunwa, tui zito likitengwa na tui jepesi, kinu na mchi, ukwaju, mchaichai, manjano, tangawizi na dagaa wakavu. Chakula chao mashuhuri cha asubuhi, nasi lemak, ni wali uliopikwa kwa tui pamoja na jani la pandan, jani lenye harufu nzuri la ukoo mmoja na mkadi. Nao huliwa na dagaa wa kukaanga, karanga, yai, vipande vya tango, na sambal, yaani pilipili iliyopondwa na kuungwa.

Hata hivyo kufanana si kuwa sawa. Upo mzizi uitwao lengkuas, ndugu wa tangawizi, ambao harufu yake ni nyingine kabisa. Ipo belacan, yaani kamba wadogo waliotiwa chumvi, wakapondwa, wakaanikwa juani na kuachwa wachachuke mpaka wakawa donge jeusi lenye harufu kali. Kipande chake kidogo, kikichomwa motoni na kupondwa na pilipili, huubadilisha mchuzi wote. Na kipo chakula kinachowekwa mbele kuliko vyote siku ya Idi, nacho ni rendang: nyama iliyopikwa katika tui na viungo, polepole, kwa saa nyingi, mpaka tui lote likauke. Asili ya chakula hicho ni kwa Waminangkabau wa Sumatra, nao waliohamia Negeri Sembilan walikichukua pamoja nao.

Basi, vyakula hivi vyote vilifundishwaje? Katika majiko ya zamani hapakuwa na mizani wala kikombe cha kipimo. Binti aliketi karibu na mama yake akimenya vitunguu, akikuna nazi, akitumwa nyuma ya nyumba kuchuma jani la manjano. Na katika kutumwa huko ndiko alikojifunza. Akiuliza, "Chumvi kiasi gani?" alijibiwa neno moja tu: agak-agak, maana yake, kisia. Hata leo vitabu vya mapishi vya Kimalay vimejaa maneno secukup rasa, yaani, kiasi cha kutosha ladha. Nao Wamalay husema kwamba chakula cha mama kina air tangan, maji ya mkono. Maana yake ni kwamba watu wawili waweza kupika kwa viungo vile vile, katika sufuria moja, juu ya moto mmoja, na bado chakula cha mmoja kikawa na jambo ambalo cha mwingine hakina.

Elimu ya namna hii ni imara sana maadamu mwalimu na mwanafunzi wako chini ya paa moja. Udhaifu wake huonekana siku mmoja wao anaposafiri.

Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Malaysia ilipeleka vijana wa Kimalay kwa maelfu kusoma Uingereza, Marekani, Australia na nchi nyinginezo. Wengine walikwenda kwa kazi, na wanawake wengine waliwafuata waume zao. Katika Australia Magharibi kuna mji mdogo uitwao Katanning, nchi ya ngano na kondoo, ambako Wamalay kutoka Kisiwa cha Christmas na Visiwa vya Cocos walihamia katika miaka hiyo hiyo ya 1970, wengi wao wakafanya kazi katika machinjio ya nyama ya halali. Hao walikuwa na nyama tele, lakini minazi waliiacha nyuma yao visiwani.

Chukueni mfano wa binti mmoja kati ya hao maelfu waliokwenda masomoni. Jina lake si lazima, kwa maana wenziwe waliofanana naye ni wengi. Alilelewa katika nyumba ambamo mama alisema, "Wewe shika kitabu chako, jiko niachie mimi." Maneno hayo yalikuwa ya mapenzi, wala hapana wa kumlaumu mama huyo. Binti akafaulu mitihani, akapanda ndege, akafika katika mji wa baridi. Siku za kwanza alikula mkate na mayai. Nyama iliyochinjwa kwa sheria haikupatikana katika kila mji; na katika maduka ilimpasa asome kila karatasi ya kopo ili ajue kama ndani yake mna mafuta ya nguruwe au divai. Hapo akatambua kwamba asipojipikia mwenyewe, atashinda na njaa au atakula kwa shaka.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani. Jua la nchi zile wakati wa kiangazi huchelewa mno kutua, na mfungaji hungoja katika chumba chake peke yake, bila adhana ya jirani wala sauti za watoto njiani. Chakula alichokitamani hakikuwa cha fahari. Alitamani wali wa tui na sambal. Akamwandikia mama yake barua kuuliza jinsi ya kupika. Siku hizo barua ya ndege ilikwenda na kurudi kwa majuma kadhaa. Jawabu lilipofika lilikuwa fupi: ponda viungo mpaka vilainike, vikaange mpaka viive, tia nyama, tia tui la kutosha, koroga mpaka iwe tayari. Mama aliandika yote aliyoyajua, naye hakuficha neno. Lakini alichokijua kilikuwa mkononi mwake, na mkono haukuweza kutiwa ndani ya bahasha.

Wahenga wa Kiswahili wamesema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo kwa kawaida hutajwa kwa kumtisha mtoto mkaidi. Kwa binti huyu ilitimia kwa namna nyingine, maana ulimwengu ulimfunza kwa kumwunguzia sufuria.

Kosa lake la kwanza lilikuwa katika viungo. Alisaga vitunguu, pilipili kavu zilizorowekwa, tangawizi na mchaichai, akavikaanga kwa haraka juu ya moto mkali, navyo vikaungua nje na kubaki vibichi ndani. Wapishi wa Kimalay wana alama yao: husema viungo vimeiva pale tu mafuta yanapojitenga, nao huiita alama hiyo pecah minyak. Sababu yake yaeleweka. Vitunguu na pilipili vina maji mengi. Maadamu maji hayo yamo, mafuta hubaki yamechanganyika nayo, na ule ukali wa vitunguu vibichi hauondoki. Moto ukiwa wa wastani na mwiko ukienda bila kusimama, maji hukauka, rangi hugeuka kuwa nyekundu ya kuiva, na mafuta mekundu huchuruzika pembeni. Kazi hiyo huchukua robo saa au zaidi, wala haiharakishwi. Mama hakuiandika kwa sababu hakupata kufikiri kwamba yuko mtu asiyeijua.

Kosa la pili lilikuwa katika tui. Nazi mbichi haikuwapo, akanunua tui la kopo, akalimimina na kuliacha lichemke kwa nguvu bila kukoroga. Kila mpishi wa Pwani ajua yaliyotokea: tui lilikatika. Baadaye alijifunza kwamba tui la kopo ni zito, lafaa kuongezwa maji kwanza lishike nafasi ya tui jepesi, na zito lenyewe litiwe baadaye. Na kwamba mwiko hauachi kuteka na kumwaga mpaka litokote kwa utulivu.

Kosa la tatu lilikuwa haraka. Rendang ya kilo moja ya nyama yataka tui la nazi mbili au tatu na muda wa saa 3 au 4. Mwanzoni huonekana kama mchuzi mwepesi; baada ya saa 2 huwa mchuzi mzito, na mpishi mgeni hudhani imekwisha. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu tui lazima likauke mpaka litoe mafuta yake, na nyama ikaangike ndani ya mafuta hayo hayo. Hapo ndipo hutiwa kerisik, nazi iliyokunwa ikakaangwa kavu mpaka ikawa ya kahawia, kisha ikapondwa mpaka ikatoa mafuta. Nyama iliyopikwa hivyo, ikakauka sawasawa, hukaa siku kadhaa kuliko mchuzi wa kawaida, jambo lililokuwa na faida kubwa kwa wasafiri wa zamani.

Yakaja na mambo ya badala. Jani la manjano halikupatikana. Akatumia unga wa manjano. Ndimu ya kwao haikupatikana. Akakwaruza ganda la limau. Kwa kerisik akatumia nazi kavu iliyouzwa kwa waokaji wa keki. Majani machanga ya mnazi, ambayo hufumwa vifuko vya ketupat, yasingeweza kupatikana kabisa. Ketupat ni wali wa Idi: mchele hutiwa katika kifuko hicho mpaka karibu nusu yake tu, ili upate nafasi ya kuvimba, kisha huchemshwa kwa saa 4 au 5 mpaka ukashikamana kama mkate. Kwa kukosa majani, wengi walirudia njia nyingine ya kale iitwayo nasi himpit: wali laini hupondwa ukiwa moto, hutandazwa katika sinia, hukandamizwa kwa kitu kizito usiku kucha, na asubuhi hukatwa vipande vya mraba. Jiwe likikosekana, vitabu vya chuoni vilifanya kazi hiyo, na labda ndiyo siku vilipofanya kazi nzito kuliko zote.

Belacan nayo ilileta mtihani wa aina yake. Ikichomwa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha kwa baridi, harufu yake hupanda ngazi na kuingia vyumbani mwa watu wasioijua. Wamalay wenye busara walijifunza kuifunga katika karatasi ya bati, kuichoma kidogo kidogo na dirisha wazi, na kumpelekea jirani sahani ya chakula kilichokwisha kuiva. Uislamu umesisitiza mno haki ya jirani, na jirani aliyeonja chakula huwa mwepesi wa kusamehe harufu yake.

Baada ya miaka michache binti huyo alirudi kwao likizo. Safari hii hakuketi sebuleni kama mgeni. Aliingia jikoni na daftari, na mama alipochota chumvi kwa vidole, binti aliuzuia mkono wa mama juu ya sufuria, akaipokea chumvi ile katika kijiko, akaipima, akaandika, kisha akairudisha mkononi mwa mama ili aitie mwenyewe. Mama akacheka sana, akasema hajapata kuona mwanafunzi wa namna hiyo. Lakini siku ile agak-agak ya mama ilipata kipimo kwa mara ya kwanza. Siku hizi simu imerahisisha mambo: mama aweza kuiona sufuria ya mwanawe kutoka ng'ambo, akamwambia, "Punguza moto, bado mafuta hayajajitenga." Hata hivyo simu haionji wala hainusi.

Yafaa kukumbusha kwamba kujifunza huku hakukuwa kwa wanawake peke yao. Kabla ya wanafunzi, walitangulia mabaharia. Wamalay wengi kutoka Singapore na bandari za jirani walifanya kazi katika meli za Kiingereza, na baadhi yao wakalowea Liverpool. Katika miaka ya 1950 walikuwa na klabu yao katika mji huo, na katika miaka ya 1960 ikahamia nyumba moja katika Jermyn Street, ambako mabaharia walikutana kuzungumza lugha yao na kula. Hao walikuwa wanaume mbali na mama zao na dada zao, na baadhi yao waliwaoa wanawake wa mji huo, ambao nao hawakuwa wamekiona kinu cha Kimalay. Aliyetaka chakula cha kwao alisimama mwenyewe mbele ya moto. Wala huo haukuwa ugeni kwao, maana katika vijiji vya Kimalay kuna desturi ya rewang: siku ya harusi jirani wote hukusanyika kufanya kazi, wanawake wakimenya na kusaga, na wanaume wakipika nyama uani katika masufuria makubwa. Kijana aliyepata kushika mwiko wa rewang alikuwa na akiba ya kusafiri nayo.

Desturi hiyo ya rewang ndiyo iliyowaokoa wengi ugenini. Mmoja alijua sambal, mwingine alijua vitumbua vya kwao, wa tatu alikumbuka jinsi shangazi yake alivyopika bubur, yaani uji wa Ramadhani. Nao wakikutana kabla ya Idi katika jiko moja, kila mtu na kipande chake, chakula cha nyumbani kilikamilika. Jumuiya ikawa ndiyo mama.

Na yeyote anayeuliza kama juhudi ya namna hii yaweza kudumu, jawabu lake liko katika bara hili la Afrika, huko Cape Town.

Kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki ilianzisha kituo katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652. Katika miaka iliyofuata ilileta watumwa kutoka visiwa vya Indonesia, Bengal, Malabar, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na wafungwa na viongozi waliopinga utawala wake. Miongoni mwao alikuwa Sheikh Yusuf wa Makassar, aliyefikishwa mwaka 1694 na kufariki mwaka 1699. Na Imam Abdullah wa Tidore, maarufu kwa jina la Tuan Guru, aliyeletwa mfungwa mwaka 1780, akaandika Kurani kwa kichwa kifungoni, na baadaye akawa imamu wa msikiti wa kwanza wa nchi ile, Msikiti wa Auwal katika mtaa wa Bo-Kaap. Ibada ya hadhara haikuruhusiwa mpaka mwaka 1804, na utumwa ulikomeshwa mwaka 1834. Watu hao wa asili nyingi walikuja kuitwa Wamalay wa Cape, kwa kuwa Kimalay kilikuwa mojawapo ya lugha zilizowaunganisha.

Fikirini hali yao. Hawakuwa na barua ya mama wala daftari. Hapakuwa na mnazi, wala pandan. Baadhi ya wanawake wao waliwekwa kupika katika majiko ya mabwana, kwa vyakula vya mabwana. Lugha yao ya Kimalay ilififia katika karne ya 19, na Kiafrikana kikashika mahali pake. Lakini tazameni kilichobaki. Idi kwao huitwa labarang, kutokana na neno lebaran la visiwani. Kufunga huitwa poewasa, na mtu hushukuru kwa kusema tramakassie. Na jikoni maneno hayo ni mengi zaidi. Usiku wa 15 wa Ramadhani hunywewa boeber, maziwa yaliyochemshwa na tambi, sago, iliki na mdalasini. Jina lake ni lile lile bubur, ila maziwa ya ng'ombe yamechukua nafasi ya tui. Sambal ingaliko, lakini hukwaruzwa tunda au karoti ndani yake. Na neno belacan limebaki katika blatjang, ambayo kwao sasa ni achari tamu na kali ya aprikoti, siki na pilipili. Kamba wametoweka, jina limesalia. Hata katika Maulidi, wanawake hukutana kukata majani ya mchungwa membamba, wakayatia manukato na kuyafunga katika vikaratasi, nao huiita kazi hiyo rampies. Huko asili yao bunga rampai hukatwa kwa majani ya pandan na maua. Pandan halikupatikana, mchungwa ukashika zamu.

Hayo yote yalipita kutoka mkono hadi mkono kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1988 Faldela Williams, mwanamke wa jamaa hiyo, alitoa kitabu cha mapishi ya Wamalay wa Cape, na hivyo yaliyokuwa mkononi mwa wazee yakawafikia hata wale wasio na bibi wa kuwafunza.

Hapa pana watu wawili wanaofaa kujibiwa. Wa kwanza husema: chakula kilichobadilishwa si chakula cha asili tena, tui la kopo ni uongo, na blatjang ya aprikoti ni jambo jingine. Huyu ana haki katika ulimi wake, kwa maana ladha kweli hubadilika. Lakini kama Wamalay wa Cape wangelisubiri mnazi uote mlimani kwao ndipo wapike, wasingebaki hata na jina. Aliyebadilisha kiungo ameshika chakula kwa mkono mmoja. Aliyeacha kupika amekiachia kwa yote miwili.

Wa pili husema: chakula ni desturi, na desturi si dini. Naye amesema kweli. Rendang si nguzo ya Uislamu, wala hapana aliyeamrishwa ketupat. Dini ilichoamrisha ni kula kilicho halali na kilicho kizuri, kulisha mgeni na maskini, na kuunga undugu. Lakini mambo hayo matatu hutendeka kwa sufuria. Mwanafunzi yule aliyeweza kujipikia alijiepusha na haramu bila taabu. Aliyeweza kupika sufuria kubwa aliwafuturisha wenziwe. Na waliokula pamoja walijuana. Jiko halikuwa dini yao, lakini liliwasaidia kuishika dini yao.

Sasa, ndugu wasikilizaji, mfano huu unahusianaje na Waislamu wa miji ya bara? Unawahusu sana. Wapo katika Buyenzi mjini Bujumbura, katika Nyamirambo mjini Kigali, katika Ujiji na miji ya mashariki ya Kongo, jamaa ambao mababu zao walitoka Pwani, wakaja na Kiswahili, na msikiti, na wali wa nazi. Ukanda wa Ziwa Tanganyika ni nchi ya michikichi zaidi kuliko minazi, na nazi inayofika huko imesafiri mbali kwa gunia. Mabibi wa zamani walifanya kama walivyofanya Wamalay: nazi ilipokosekana waliunga kwa karanga au mawese, na mchuzi ukaitwa kwa jina lake lile lile. Lakini leo yuko binti wa jamaa hizo aliye Brussels au Toronto, anayepiga simu usiku wa kuamkia Idi kuuliza jinsi ya kukaza mchele wa pilau, na bibi humjibu, "Tia maji ya kutosha, mwanangu." Neno hilo ndilo lile lile agak-agak.

Basi yafaa jumuiya ifanye mambo matatu, na yote hayana gharama. La kwanza, kila bibi na kila babu ajuaye chakula cha shughuli apewe mjukuu mmoja mwenye daftari, wa kiume au wa kike, auzuie mkono juu ya sufuria na kupima kabla kiungo hakijaanguka. Aandike na alama za jicho na za pua: mafuta yalijitenga lini, harufu ilibadilika vipi, mwiko ulikwenda kwa namna gani, kwa sababu hayo ndiyo barua ya mama iliyoyasahau. La pili, siku za Idi na Maulidi vijana wasiachiwe kupakua na kuosha sahani tu; wasimame mbele ya moto pamoja na wazee, kama inavyofanywa katika rewang. La tatu, anayesafiri asiondoke kabla hajapika sufuria moja kamili kwa mikono yake mwenyewe, na wazee wakaionja na kumsahihisha. Cheti cha shule hutiwa katika mfuko wa msafiri. Ujuzi huu nao utiwe.

Wazee wa jumuiya hii bado wako hai, na moto bado unawaka nyuma ya msikiti. Pilau ya leo imepikwa na mikono ambayo, kwa kadiri ya Mwenyezi Mungu, haitakuwapo milele. Anayetaka kujua imepikwaje asingoje aulize kwa simu; na aende sasa, kabla sinia hazijapakuliwa, akaulize hapo hapo penye moto.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya walio hai, abariki riziki za jumuiya hii na awajaalie watoto wake elimu yenye manufaa. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.